Ua la Piko Ukutani

Kila jioni, akitoka chuo cha Kurani, Mwatum hukaa barazani kwao Wete na kijiti cha piko, ile rangi nyeusi ya kupambia mikono. Rafiki yake Zulekha ndiye humpa mikono ajifunzie. Wiki ile, kwa ajili ya harusi ya dada yake Zulekha, Mwatum alimchora maua hadi viwikoni. Mikono yake mwenyewe haikuwa na hata doa.

Jumamosi darasa lao lilikwenda Chake Chake kutembelea ngome ya zamani. Mwalimu Siti alieleza jinsi watawala wa kale walivyojikinga nyuma ya kuta zile nene. Mwatum hakuwa akisikiliza. Ukuta ulikuwa umepakwa chokaa upya, mweupe pepepe, na kichupa cha piko kilikuwa mfukoni. Mkono ukamwasha! Akabaki nyuma, akachora ua moja, kisha akawakimbilia wenzake.

"Nani kafanya haya?"

Mzee Jaribu, mlinzi wa ngome, aliwarudisha wote. Akalitazama ua, akaitazama mikono ya Zulekha. Maua yalikuwa pacha.

"Wallahi si mie, Mzee!"

"Si wewe? Na haya ya mikononi kakuchora nani, jini?"

Zulekha alimtazama Mwatum, akafunga mdomo. Wasichana waliojua waliinamisha vichwa.

"Basi leo leo namwambia babako," alisema Mwalimu Siti kwa hasira.

Mwatum alimjua baba huyo. Baba yake Zulekha alimruhusu kwa shida, akaapa kwamba akisikia lawama moja tu, bintiye hatatoka tena na shule. Mwatum aliogopa bakora, aliogopa kuchekwa. Zulekha alianza kulia kimyakimya, akisukumwa kuelekea garini.

"Mwalimu, mwacheni! Ni mimi!"

Mzee Jaribu akampa kisu butu na ndoo ya chokaa. Mwatum akakwangua, akapaka, akakwangua tena. Piko lile lilikuwa bishi.

"Ukuta utapakwa, utang'aa," alisema Mwalimu Siti. "Lakini Zulekha angerudi kwao na aibu isiyo yake. Hiyo ungeipaka chokaa gani? Ukikosa, sema mapema, kabla mwenzio hajaadhibiwa kwa kosa lako."

Mwatum alimwendea Zulekha akilia, akamwomba radhi.

"Nshakusamehe," alijibu Zulekha akijifuta machozi. "Lakini garini leo sikai nawe."