Betri Imekufa

"Betri ifike ghala namba sita saa nne kamili."

Hiyo ndiyo amri. Sauti ya Mkuu, kavu, kwenye redio ya mkononi.

Kobe akatazama saa yake ya Casio. Saa moja na dakika hamsini asubuhi. Akabonyeza rimoti ya gari.

Kimya.

Akabonyeza tena. Taa hazikuwaka. Milango haikufunguka. Gari la umeme, la kijivu, fahari ya idara nzima ya upelelezi, limesimama katikati ya gereji na halina habari na mtu.

"Mkuu."

"Sema."

"Betri imekufa."

Redio ikakwaruza.

"Una uhakika?"

"Nimejaribu kila njia. Imekufa kabisa."

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe tu."

"Pole sana. Zima redio. Nitakupigia."

Kobe akashusha pumzi. Alidhani Mkuu anakwenda kutafuta gari lingine. Masikini, laiti angejua!

Aliitwa Kobe kwa sababu hakimbii. Hufika tu. Na leo alitakiwa kumfikisha mwanamke aliyekaa nyuma yake juu ya ndoo iliyopinduliwa, karani wa forodha, siku ya nne sasa amefichwa katika chumba cha nyuma cha gereji hii. Kati ya makontena mia mbili ghalani, moja lilikuwa na bunduki ndani ya maganda ya betri chakavu. Karani peke yake ndiye aliyelijua. Likitoka saa nne, basi tena, litavuka mpaka na watu watakufa.

"Limegoma, kaka?"

"Limegoma, dada."

"Na mimi nampigia lini mama? Siku nne hajanisikia. Presha yake ile, mbona atakuwa hali wala halali."

"Tukimaliza kazi. Nakuahidi."

Simu ya mama ilikuwa inasikilizwa na watu wa magendo. Hilo karani alilijua, ndiyo maana hakubishana.

Mwenye gereji akaingia akifuta mikono kwa tambara. Mwanamke wa miaka sitini, mfupi, miwani imefungwa kwa waya. Mtaa mzima ulimwita Bibi Chaji.

"Nani kaniulia gari humu ndani?"

"Betri, mama. Imekufa."

"Ipi?"

"Kwani ziko ngapi?"

Bibi Chaji akacheka mpaka akakohoa. "Mpelelezi mzima! Ziko mbili, mwanangu. Kubwa iko chini ya sakafu, ndiyo inayosukuma magurudumu. Ndogo iko mbele, ya volti kumi na mbili, kama ya gari lolote. Kazi yake kuiamsha kubwa. Ndogo ikilala, kubwa inaweza kuwa imeshiba na gari lisitikisike."

Akachomoa ufunguo mwembamba wa chuma uliofichwa ndani ya rimoti. Akafungua mlango kwa mkono. Akavuta boneti, akagusisha ncha mbili za mita, nyekundu na nyeusi.

"Volti nne nukta moja. Ebo! Nani kaifyonza hivi?"

Kidole chake kikafuata waya mmoja mwembamba hadi chini ya kiti. Mwisho wa waya palikuwa na kiboksi cheusi, kifaa cha kuziba mawimbi ya simu. Kobe alikiunga mwenyewe siku ya kwanza. Hakukizima. Siku nne nzima kimekuwa kikinyonya.

"Ni mimi," Kobe akasema, aibu imemjaa usoni.

"Naona." Bibi Chaji akang'oa waya, akaunga chaja. Taa nyekundu. "Inaikataa. Chaja za siku hizi zina ujuaji mwingi. Ikikuta umeme mdogo hivi, inasema hapa hapana betri."

"Sasa?"

"Sasa tunaidanganya."

Akaleta betri ya pikipiki. Chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, bega kwa bega na ile mgonjwa. Taa ikawa kijani.

"Inaona hii nzima, inalisha na ile mbovu bila kujua. Dakika arubaini. Asiguse mtu."

Simu ya Kobe ikatetemeka. Saa mbili na nusu.

"Kobe, pole tena," akasema Mkuu. "Nimeshamtuma ofisa kwa mama."

"Mama gani?"

"Mama wa Betri. Alianguka, lakini amezinduka. Majirani wako naye. Na walinzi wa ghala nimewaondoa. Hakuna tena kesi."

Kobe akageuka, akamtazama karani.

Hapa lazima nikueleze jambo la idara hii, na usicheke. Betri lilikuwa jina la siri la karani. Na kanuni inasema, jina la siri likiwa la kitu, mwenye jina atajwe kama kitu. Husemi "Betri amefika". Unasema "Betri imefika", ili mdukuzi asijue kwamba ni mtu. Kanuni nzuri kabisa. Aliyeiandika ni Kobe. Aliyempa karani jina ni Kobe. Na asubuhi hii, kichwa chote kikiwa kwenye gari, Kobe huyo huyo akafungua mdomo akamuua.

"Mkuu," akanong'ona. "Ya gari."

"Nini?"

"Iliyokufa ni betri ya gari! Yeye mzima. Namwona hapa, anakunywa maji."

Mkuu akatoa neno ambalo haliandikwi kitabuni.

"Nampigia mama yake sasa hivi," Kobe akasema.

"Usithubutu! Watu wa magendo wamesikia kilio kwenye simu ile, wameamini. Bwana Miwani, mkubwa wao, yuko njiani kwenda ghalani yeye mwenyewe, mchana kweupe. Miaka sita tunamtafuta! Nawarudisha walinzi, lakini hawafiki kabla ya saa nne. Mama akijua sasa, Miwani anayeyuka na kontena lake."

"Mama ana presha, Mkuu."

"Najua. Ni amri."

Simu ikakatika.

"Kuna nini, kaka?" karani akauliza.

"Hakuna. Wanauliza tuko wapi."

Amewahi kudanganya mabalozi, majenerali, hata mkewe. Hakuna uongo uliowahi kumuuma namna hii.

"Mwanangu, umekuwa rangi ya jivu," akasema Bibi Chaji. Kobe akatazama saa yake.

Saa tatu na dakika kumi.

"Jaribu."

Kobe akakanyaga breki, akabonyeza. Kioo cha mbele ya usukani kikawaka. Chini ya sakafu, tak! Swichi kubwa zimefunga. Chaji, asilimia sitini na mbili.

"Si nilisema? Kubwa ilikuwa nzima muda wote. Sasa itailisha ndogo yenyewe."

Karani akapiga makofi. Kobe hakuweza hata kutabasamu.

Njiani karani hakunyamaza. "Nikimpigia nitajifanya mtu wa maji. 'Mama, tunakuja kukata bomba.' Atanitukana! Halafu akinijua anacheka mpaka anakaa chini. Huwa namfanyia hivyo kila mara."

"Vizuri," Kobe akasema.

Angeweza kusimamisha gari. Angeweza kumwambia. Akaendelea kuendesha.

Saa nne kasoro dakika tano.

Gari likaingia uani mwa ghala bila mlio. Hilo ndilo zuri la magari haya. Wanaume wawili walikuwa wanafunga kontena juu ya lori. Pembeni, kwenye kivuli, mzee mnene mwenye miwani ya dhahabu alikuwa anakunywa soda.

"Lipi?" Kobe akanong'ona.

"La bluu. Tazama muhuri wangu mlangoni. Walinilazimisha nigonge, nikaugonga kichwa chini makusudi."

Kobe akatoka. Bastola mkononi.

Paa! Paa! Matairi mawili ya mbele ya lori yakakaa chini. Wale wawili wakalala kifudifudi wenyewe, bila kuambiwa.

Bwana Miwani hakukimbia. Hakumtazama hata Kobe. Alikuwa anamkodolea macho karani aliyekuwa anashuka garini, na soda inamwagika kiatuni.

"Wewe... si umekufa wewe?"

"Nani kasema?"

"Mama yako analia tangu asubuhi! Nimemsikia kwa masikio yangu. Wanakuchimbia kaburi!"

Ving'ora vikasikika langoni. Walinzi. Pingu. Kontena likafunguliwa, maganda yakapasuliwa, bunduki zikapangwa chini safu kwa safu. Kazi imekwisha.

Karani hakutazama hata bunduki moja.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu saa ngapi?"

"Saa mbili na nusu."

Hakumpiga. Kobe alitamani ampige. Alinyoosha mkono tu, akachukua simu ya Kobe, akapiga namba ya mama. Jirani akapokea, akasikia sauti ya karani, akapiga yowe na kukata. Akapiga tena. Imezimwa.

"Nipeleke."

Mbele ya nyumba viatu vilikuwa vimejaa mpaka barabarani. Sauti za vilio zilitoka dirishani. Kobe akazima gari.

"Ukiingia ghafla, utamuua. Naingia kwanza."

Simu. Mkuu. "Kobe, usiingie mle. Watu arubaini wakikuona uso, huna kazi tena idarani. Umenielewa?"

"Nimekuelewa," Kobe akasema, akaizima.

Mama alikaa chini sebuleni, ameegemea ukuta, macho yamevimba. Kobe akapiga magoti mbele yake.

"Mama, shikamoo. Mimi ndiye niliyesema mwanao amekufa. Nilikosea, yu hai. Na nilipojua nimekosea, nikakuacha ulie, kwa makusudi, ili tukamate watu. Naomba unisamehe."

Mama akafuta macho.

"Yuko wapi?"

"Mlangoni."

Karani akaingia. Watu wakapiga kelele, wengine wakakimbilia nje. Mama hakupiga kelele. Aliinuka polepole akishika ukuta, akaingia chumbani. Akarudi na gauni la kijani, limepigwa pasi, limekunjwa vizuri.

"Nilikuchagulia hili la kukuzikia," akasema. "Livae. Livae sasa hivi, utembee humu ndani, nikuone."

Karani akalivaa juu ya nguo zake. Akatembea kutoka ukuta hadi ukuta. Mama anamfuata nyuma ameshika pindo la gauni, haliachii, na sasa ndipo akaanza kulia kweli.

Kobe alisubiri msamaha wa mama. Mama hata hakumkumbuka.

Akatoka taratibu, mikono mfukoni, uso wazi mbele ya mtaa mzima. Getini akakutana na wanaume wawili wamebeba viti vya plastiki.

"Samahani, ndugu. Viti vya msiba tuviweke wapi?"

"Virudisheni," Kobe akasema. "Hapa hakuna msiba. Mimi ndiye niliyekosea."

Akaliacha gari pale pale na funguo ndani, akaenda zake kwa miguu.