Nzi wa Dirisha la Jua

Asubuhi ile mlezi alikuwa hakai, hasimami. Alikuwa amefagia chumba cha juu mara tatu, na bado nzi walijaa dirishani. Ndicho chumba alicholelea watoto sita wa majirani, mama zao wakiwa kazini. Juzi mama mmoja alikuta nzi kwenye shuka la mwanawe. Alikwenda moja kwa moja kushtaki kwa bibi afya. Leo huyo bibi afya angekuja kukagua. Akiona uchafu, angekifunga chumba, na mlezi hakuwa na kazi nyingine.

Mama mkwe aliketi ngazini akimenya viazi, na mdomo wake nao ukimmenya mkwewe. Alisema nzi hawaji bure. Ama kuna panya aliyeoza darini, ama kuna nepi imesahauliwa mahali. Enzi zake, alisema, hata sisimizi alipiga hodi kwanza.

Mlezi alikuwa amekwisha tafuta kila mahali. Nepi zote alizichemsha. Ndoo ya taka aliisugua mpaka ikang'aa. Mumewe alipanda darini na tochi, akashuka na buibui tu kichwani. Lakini jua lilipopiga kioo, nzi walizidi, wazito, wakitambaa kama walevi.

Roho ikampanda juu. Alichukua kopo la dawa ya nzi akapuliza dirisha lote, watoto wakiwa palepale mkekani. Mmoja akaanza kukohoa. Akafuata mwingine.

Bibi afya aliingia wakati huohuo. Hakuuliza habari za nzi. Alimbeba aliyekohoa, akamwambia mlezi awatoe wote nje, awanawishe uso na mikono. Akafungua madirisha. Kikohozi kilipotulia, ndipo akasema.

"Dada, hiyo dawa ni mbaya kuliko nzi. Usiipulize tena penye watoto."

Moyoni mlezi aliona chumba kimekwisha fungwa. Akakiri kuwa alifanya hivyo kwa hofu.

Bibi afya alirudi juu, mlezi na mama mkwe wakimfuata, watoto wakibaki nje na mume wa mlezi. Aliokota nzi mmoja, akamponda kwa kijiti, akamsogezea mama mkwe puani.

"Mama, unasikia harufu gani?"

Mama mkwe alinusa, akakunja uso, akanusa tena. "Asali," akasema kwa sauti ndogo.

Bibi afya alimwonyesha vinyweleo vya dhahabu mgongoni mwa nzi. Alieleza kuwa huyu hatoki kwenye taka. Mabuu yake hukua ndani ya nyungunyungu, wale minyoo wa udongoni. Baridi ikija, nzi mkubwa hutafuta ukuta wenye jua, akapenya kwenye ufa, akalala. Jua likipata joto huamka, akakimbilia kioo akitaka kutoka. Nduguze, wale wa bluu na kijani, ndio wanaotua kwenye nyama na kinyesi. Kwa ajili ya hao, chakula na taka vifunikwe.

"Kwa hiyo nyumba si chafu?" mlezi aliuliza.

"Nyumba ina nyufa tu. Hawa wafagie, uwatupe nje. Usiwaue ndani ya dari, maana mizoga yao huita wadudu wengine. Baridi ikikaribia tena, ziba kabla hawajaingia."

Chumba hakikufungwa. Mama mkwe hakuomba radhi. Alirudia viazi vyake. Lakini mwezi mmoja kabla ya baridi nyingine, mlezi alimkuta nje, kanga kiunoni, akikoroga saruji. Mume wa mlezi alikuwa juu ya ngazi, na mama yake akimwelekeza kila ufa: huo hapo, na huo, hata huo mdogo, mwanangu, huna macho? Kwenye matundu ya hewa walipigilia wavu.

Baridi ilipoingia, nzi walikuwa wawili tu dirishani. Yule mama aliyeshtaki alikuja kumchukua mwanawe, akamwona nzi mmoja, akasita.

Mama mkwe alimwahi kabla mlezi hajafungua kinywa.

"Huyo usimhofu. Hana ugomvi na mwanao, ana ugomvi na nyungunyungu. Na chumba cha mkwe wangu ni kisafi kuliko changu."

Mlezi akaweka ufagio chini. Kwa mara ya kwanza siku ile, akaketi.