Jina Lake Ukurasa wa Mwisho

Ilikuwa wiki ya mwisho ya kujiandikisha bima ya afya, na kama mjuavyo sisi watu, wote tulikuwa tumeingoja hiyohiyo wiki ya mwisho. Ukumbi ulifurika mpaka nje. Nyuma ya rundo la vijitabu alikaa kijana wa kampuni ya bima, shati jeupe limenyooshwa pasi sawasawa, tai ya bluu, tabasamu la kazi ambalo kufikia saa sita lilikuwa limeshachoka. Mbele yake alisimama binti wa gauni la kijani lenye vifungo vikubwa. Mkono mmoja amemshika mama yake mdogo, mkono wa pili ana kalamu nyekundu, anachorachora ndani ya kijitabu bila wasiwasi wowote.

"Dada, hicho ni mali ya kampuni," kijana akasema.

"Najua. Kampuni ndiyo ninayoionea aibu."

Akamgeuzia ukurasa. Alikuwa mtafsiri mwenye cheti, na hapo palikuwa na sentensi ambazo hakuna mtu aliyezaliwa na mama angezitamka. Kijana akakiri kwa sauti ya chini kwamba maandishi yanatafsiriwa na akili bandia, kwa lugha tano, na ya Kiswahili bado hawajampata msomaji. Akaomba namba ya simu. Ya kazi, akaeleza. Ya kazi, binti akarudia, na mama mdogo akatazama dari kama mtu asiyesikia kitu.

Basi ikaanza hivyo. Kijana akamwita binti Kalamu, naye akaitwa Bwana Bima, na kazi yenyewe ikawa ndiyo mapenzi yao. Maana kanuni ilikuwa wazi: mashine itafsiri ipendavyo, lakini kabla ya kuchapwa lazima mtu mwenye cheti asome kila neno, na jina lake liwekwe ukurasa wa mwisho. Kalamu alikuwa na namna yake ya kusoma. Hakutaka kusoma peke yake. Bwana Bima alikaa upande mmoja wa meza na Kiingereza, akisoma kwa sauti kifungu baada ya kifungu. Kalamu upande wa pili akijibu kwa Kiswahili. Pakiwa na kitu upande mmoja ambacho upande wa pili hakina, sauti moja ilinyamaza, na hapo kosa lilijulikana.

Mama mdogo, ambaye ndiye aliyemlea Kalamu tangu akiwa wa kubebwa, alikuwa akikaa kando na glasi yake ya maji, akisikiliza. Figo zake zilikuwa zimeanza kumsumbua, lakini vicheko vya wale wawili vilimpa nguvu. Siku moja akasema hajawahi kuona watu wakitongozana kwa masharti ya bima.

"Mkwe, huyu usimwache," akamwambia Bwana Bima. "Akisoma yeye, nimesoma mimi."

Mwaka ukazunguka. Posa ikapelekwa, tarehe ya harusi ikapangwa, na kazi ya kijitabu kipya ikarudi. Kalamu alikuwa hoi. Alikuwa akifundisha asubuhi, akitafsiri jioni, na katikati akimpeleka mama mdogo kliniki. Macho yalikuwa yamemwiva kama ya mgonjwa.

Asubuhi ya siku waliyopanga kukisoma, simu ikalia.

"Kalamu wangu, vaa lile gauni la kijani. Leo hatusomi."

"Na kijitabu?"

"Kimeahirishwa. Watatumia cha mwaka jana. Leo wewe ni wangu peke yangu."

Nani angekataa? Walizunguka mji mzima. Walinunua kitambaa cha gauni la harusi, rangi ya maziwa, laini mpaka fundi akasita kukishika. Walikula wakiwa wamesimama, walicheka ovyo barabarani, mvua ikawakuta wakajibanza chini ya mlango wa duka lililofungwa, na pale Kalamu akamwambia kwamba hajawahi kupendwa hivi na mtu yeyote. Akasema kwa mdomo wake. Alilala jioni hiyohiyo, viatu miguuni, usingizi mzito wa mtu mwenye furaha.

Haya, sasa niwaambie asichokijua Kalamu. Kijitabu hakikuahirishwa. Asubuhi ile, kabla ya kupiga simu, Bwana Bima alikuwa amekipeleka kwa wachapaji kama kilivyotoka kwenye mashine, na jina halisi la Kalamu akaliandika mwenyewe ukurasa wa mwisho. Mashine ya siku hizi inaandika vizuri, alijiambia. Amechoka, mpenzi wangu. Mara moja tu.

Na kweli mashine iliandika vizuri. Kiswahili kilinyooka. Ila kulikuwa na kisanduku kidogo pembeni mwa jedwali la malipo, na mashine ilikiruka chote. Kisanduku kilisema kwamba mwenye ugonjwa wa figo tangu zamani, akichagua mpango wa chini, ule wa malipo madogo, atasubiri mwaka mzima kabla bima haijagharamia kusafisha damu. Mpango wa juu hauna kusubiri. Wenye lugha nyingine nne walikiona, kwa sababu wasomaji wao walisoma. Wa Kiswahili hawakukiona.

Mama mdogo hakutaka kumsumbua bibi harusi. Alikwenda ukumbini peke yake, akamkuta mkwe mezani, akamuuliza achukue mpango upi. Mkwe alikuwa na foleni mpaka mlangoni. Akamwambia asome tu, mambo yote yamo. Mama akafungua ukurasa wa mwisho kwanza, akaliona jina la mwanawe, akachagua mpango wa chini.

Haikupita miezi miwili, figo zikagoma kabisa. Daktari akasema kusafisha damu kuanze wiki hiyohiyo. Kwenye dirisha la hospitali, dada wa bima akabonyeza kompyuta yake, akatikisa kichwa. Kalamu akaanza kufoka, na mama mdogo, akihema, akatoa kijitabu mkobani ili amsaidie.

"Mbona hapa hawakuandika?" mama akauliza. "Wewe si ulisoma?"

Kalamu akakipokea. Akaona ni kipya, si cha mwaka jana. Akafungua ukurasa wa mwisho, akalikuta jina lake. Jina hilo alipewa na huyuhuyu mama.

Wengi walikuwa wameumia vilevile, na malalamiko yakafika makao makuu. Mwanasheria wa kampuni, mama mmoja mkavu asiyependa maneno mengi, akawaita wote wawili. Bwana Bima alimngoja Kalamu kwenye ngazi, shati halijapigwa pasi, macho mekundu. Akamweleza yote, hakuficha. Kisha akamweleza namna ya kutoka. Akisema alisoma na kile kisanduku kikampita, basi kanuni ilifuatwa, ni bahati mbaya ya kibinadamu, kampuni itaomba radhi na mambo yataishia hapo. Akisema hakusoma, kampuni imevunja kanuni, na yeye Bwana Bima kazi hana.

"Na mama?" Kalamu akauliza.

"Mama nitamlipia mwenyewe. Nitauza chochote."

"Na wale wengine?"

"Wale siwajui, Kalamu. Nakujua wewe. Nilikuonea huruma, ndiyo kosa langu lote."

"Mimi ndiye niliyekuwa nawasomea," akasema, akapanda ngazi.

Ndani, mwanasheria aliuliza swali moja tu. Kalamu akamtazama mchumba wake. Alimpenda, msinielewe vibaya, alimpenda wakati uleule mdomo ulipokuwa ukifunguka.

"Sikusoma," akasema. "Sijawahi kukiona mpaka hospitalini."

Dirisha la kujiandikisha likafunguliwa upya kwa kila aliyetumia kijitabu cha Kiswahili. Mama mdogo akahamia mpango wa juu, akaanza kusafishwa damu, lakini wiki zilizopotea zilikuwa zimeshamla. Hakurudi kuwa yule wa glasi ya maji na utani. Bwana Bima akafukuzwa kazi. Pete ya uchumba ikarudishwa kwao kijana kwa mkono wa mjomba, maana Kalamu hakuweza kuipeleka mwenyewe.

Cha ajabu, aliyemtetea kijana ni mama mdogo. Alikuwa akimwambia Kalamu, huku mashine ikivuta damu yake, kwamba kijana alikosea kwa sababu ya kupenda, na wanaume wa namna hiyo hawaokotwi. Kalamu aliendelea kumkanda miguu.

Kampuni ikampa kijitabu kilichosahihishwa. Kalamu akakisomea kando ya kitanda, Kiingereza chini chini, Kiswahili kwa sauti, akibadilisha sauti mwenyewe. Alipofika kwenye kisanduku, simu ikalia. Akalitambua jina, akapokea kabla hajajizuia.

Bwana Bima aliuliza hali ya mama. Akauliza kama amekula. Kisha akasema ana swali moja, na baada ya hapo hatapiga tena.

"Ile siku ya mvua. Ulifurahi?"

"Nilifurahi," Kalamu akasema, na machozi yakamtoka hapohapo. "Sijawahi kufurahi vile maishani."

"Basi mimi siijutii, mpenzi. Wanitukane, wanifukuze, ile siku siijutii."

Kalamu alimtazama mama yake, mirija miwili ikitoka mkononi, mmoja wa damu inayokwenda na mwingine wa damu inayorudi. Mama alikuwa macho, anamwangalia, anangoja aseme amemsamehe.

"Ndiyo maana siwezi kurudi," akasema. "Ungeijutia, ningekuja."

Akaweka simu kifudifudi juu ya shuka, akaokota kalamu nyekundu, akarudi kwenye kisanduku. Akakisoma chote kwa lugha zote mbili.