Nilificha Mkwaruzo, Tukamzika Lemayian

Nina miaka arobaini na mitano na ninaishi peke yangu hapa Kitengela. Msiniulize kwa nini sijaoa, wasomaji wenzangu... someni tu.

Mwaka wa 2004 nilikuwa mchumba wa Naserian, msichana aliyenipenda kuliko nilivyostahili. Mwezi mmoja kabla ya harusi, baba yake aliniazima gari lake jeupe nimpeleke shangazi yao Mashuuru. Mzee alilipenda gari hilo, jamani! Kunipa funguo kulikuwa kunikubali.

Shangazi alifika salama. Niliporudi nikapitia kwangu kuoga, na nikiingia langoni nikakwaruza bampa kwenye nguzo. Niliona harusi ikiniponyoka!

Nilikuwa muuzaji wa duka la hadwea, basi nikajiona fundi. Nikapiga msasa, nikajaza fila ya mabati, ule udongo wa kuzibia mikwaruzo, nikapuliza rangi ya kopo. Bampa ni plastiki, hunesanesa, na fila ya bati haikai hapo. Nilijua? Sikutaka kujua.

Gari nililirudisha likimeta. Mzee alifurahi, akanitemea mate ya baraka viganjani, kama wazee wa Kimaasai wanavyobariki. Viganja vyangu vilinuka thina, ile dawa ya kuyeyushia rangi... nikavificha mfukoni.

Wiki mbili baadaye fila ilipasuka, ikabanduka. Mzee akamshuku mwanawe wa kiume wa pekee, Lemayian, aliyezoea kuliendesha. Kijana alikana. Nami nilikuwa nimeketi papo hapo na kikombe cha chai!

"Unanidanganya mimi, baba yako?" mzee alifoka. "Toka kwangu!"

Nilijiambia nitasema baada ya harusi. Mwoga mkubwa mimi!

Lemayian alienda kuchimba mchanga mtoni, upande wa Kajiado. Siku ya nane ukingo ulimporomokea. Alikuwa na miaka ishirini na miwili...

Nilikiri baada ya mazishi. Naserian alivua pete, akaiweka mezani, akaingia ndani.

"Si ungeniambia tu?" mzee aliuliza polepole. "Hiyo bampa ni plastiki tu. Sasa kijana mwingine nitamtoa wapi?"

Ndugu zangu, ukiharibu cha mtu, kirudishe kikiwa hivyo hivyo, useme ni wewe. Utagombezwa, utaaibika, yataisha. Mimi mzee hakunigombeza hata kidogo... na hilo ndilo linaloniua hadi leo.