Usiseme Nilimlaza Vibaya

"Usinishike."

Mama Kibonge hakugeuka hata kumtazama. Mumewe, aliyekuwa amehamia kwa mama yake mzazi wiki nzima, akarudisha mkono mfukoni.

"Si umeniita mwenyewe?"

"Nimemwita baba wa mtoto. Wewe mwingine sikujui."

Kibonge, mwenye miezi minne, alikuwa analia mpaka sauti imekauka. Mpiga picha wa mashine ya MRI hospitalini akamtazama kwa huruma.

"Baba, hii mashine haina mionzi, ni sumaku tu. Ila mtoto akitikisika, vipimo vya fuvu vinaharibika, hatutajua kwa nini kichwa kimepinda. Daktari hataki kumpa dawa ya usingizi. Tunamshibisha, tunamfunga vizuri, analala mwenyewe."

"Nimeshamnyonyesha, wapi," mama akasema. "Halali mpaka kifuani kwa huyu."

Ndiyo maana alimeza hasira akapiga simu.

"Ukiingia naye, vua kila chenye chuma," mpiga picha akasema.

Baba akavua mkanda, saa, funguo. Simu akampa mkewe. Akamweka mtoto kifuani, akaanza kuguna ule wimbo wake usio na maneno. Kibonge akapiga miayo, kimya. Wakamziba masikio, wakaingia naye.

Mama akabaki nje ya kioo, simu ya mume mkononi. Ikawaka kwa ujumbe.

"Umeshamwambia kama tulivyokubaliana? Mtu hajui hata kulaza mtoto, mpaka kichwa kimeenda upande. Mwanangu, mrudishe kwao. Chumba chako huku nishakifagia, ukae moja kwa moja."

Ulitoka kwa mama mkwe.

Akausoma mara mbili. Kule ndani mashine iligonga kama fundi wa mabati, na mume ameinama, kashika kidole cha mguu cha mtoto. Alitamani kumchukia vizuri, akashindwa, na hilo likamtia hasira zaidi.

Walipotoka, akamwekea simu usoni.

"Mmekubaliana nini?"

Mume akasoma.

"Mama Kibonge, nilikuwa..."

"Ulikuwa unaitikia. Kila usiku nambembeleza peke yangu, nyie mnafagia chumba."

Mpiga picha akakohoa. "Samahani. Daktari ameshaiona picha, kaniambia niwaonyeshe."

Kwenye kioo cha kompyuta mifupa ilikuwa myeusi tii.

"Mnaona mistari hii myeupe? Ni maungio ya fuvu, yanampa mtoto nafasi ya kukua. Upande huu mstari haupo. Mifupa imeungana mapema, ndiyo maana kichwa kimepinda. Daktari atapanga upasuaji kwa vipimo hivi."

"Na kumlaza vibaya?" mama akauliza, macho kwa mumewe.

"Kulaza hakuungi mifupa, dada. Hukukosea kitu."

Mume akanyoosha mkono.

"Usinishike, nimesema. Mpigie mama yako. Weka sauti kubwa."

Akapiga.

"Ushamaliza naye?" sauti ikauliza.

"Mama, mifupa ya Kibonge iliungana yenyewe. Mke wangu hakumlaza vibaya."

"Huyo mwanamke kakulisha maneno."

"Picha imeonyesha. Na mimi nilikuitikia bila hata kumuuliza mke wangu. Hicho chumba wekea kuku."

Simu ikakatwa upande wa pili.

Kibonge alikuwa bado amelala. Mama akamchukua, akatangulia mlangoni.

"Utalala sebuleni," akasema.

"Mpaka lini?"

"Mpaka nikuzoee upya. Beba mfuko wa nepi, twende."