Mstari Mmoja Alioukataa Injinia

Ndugu zangu, palikuwa na nyumba moja tulivu. Asubuhi moja mume, ambaye mtaa mzima ulimwita Injinia, alikuwa akinywa chai na mkewe. Programu aliyoiandika ilituma ujumbe kuwakumbusha wagonjwa wa figo siku yao ya kusafishwa damu. Mama yake mzazi alikuwa mmoja wao.

Simu ikalia. Alikuwa nesi wa kliniki.

"Injinia, wote niliowabadilishia zamu wanatajiwa siku moja mbele. Wawili wamekuja leo, zamu yao ilikuwa jana."

Kosa alilijua: kifurushi cha kuhesabu tarehe ndani ya programu, kazi ya watu aliyoiazima mtandaoni. Akaweka toleo jipya. "Nimemaliza."

Mkewe naye alikuwa mwandishi wa programu. "Baba watoto, umetazama mti wa vifurushi? Ni amri ya mstari mmoja tu, inakuonyesha kila kilichomo na nani amekileta."

"Miaka kumi niko kwenye kazi hii, leo unanifundisha?"

"Sikufundishi. Nakuomba uandike."

Hakuandika. Nesi akapiga tena. Injinia akafuta kila kitu, akasakinisha upya, akaitukana kompyuta. Kosa likabaki palepale. Jioni mkewe akasimama mlangoni.

"Mstari mmoja, baba watoto."

"Niondolee kelele."

Hebu fikirini: mtu mzima na akili zake anapoteza siku nzima, akikwepa mstari mmoja kwa kuwa tu umetoka kinywani mwa mkewe.

Wiki hiyohiyo mama yake Injinia alibadilishiwa zamu. Ujumbe ukamwambia kesho, ilhali ilikuwa leo. Akatulia kwake. Kesho yake majirani walimbeba hadi hospitali, mapafu yamejaa maji.

Pale kwenye benchi la wodi, kompyuta magotini, Injinia aliandika ule mstari. Mti ukajitokeza. Juu, toleo jipya. Chini kabisa, toleo bovu bado limekaa, limeletwa na kifurushi kingine, kile cha kutuma ujumbe, ambacho kilikuwa kikihesabu kwa hilo. Kulitoa kulimchukua dakika kumi.

Mama alifumbua macho siku ya tatu.

"Nesi alinitajia siku nyingine, mwanangu," alisema kwa shida. "Nikamwambia amekosea, hii programu ni ya mwanangu."



FUNZO

Ukiazima kazi ya watu, chungua yote iliyokuja nayo kabla hujasema umemaliza. Na anayekuomba utazame, msikilize siku ileile, hata kama ni mkeo. Mama yule alipona, lakini hadi leo ngazi tatu tu zinamkata pumzi.