Picha ya Soli

Kila siku nikitoka shule nilipitia kwenye kliniki ya mifugo ya shangazi yangu. Nilifagia manyoya chini ya meza, nikawabadilishia maji wanyama waliolazwa, kisha nikashika simu ya kliniki. Shangazi ana vidole vinene na akiandika ujumbe hukosea kila neno, kwa hiyo ukurasa wetu wa mtandaoni ulikuwa kazi yangu. Yeye alisema, mimi niliandika: siku za chanjo, namna ya kuondoa kupe. Sharti lilikuwa moja tu.

"Hakuna kinachotoka hapa kabla sijakisoma. Umenielewa, mama?"

"Nimeelewa, shangazi."

Alasiri moja fundi viatu aliingia amembeba mbwa wake, Soli. Mdomo wa Soli ulikuwa wazi, haufungiki, na udenda ulichuruzika mpaka kwenye aproni ya mzee.

"Tangu asubuhi hali, hanywi," alisema.

"Mshushe taratibu, babu. Mikono mbali na mdomo wake."

Shangazi alirudi nyuma hatua moja. Sikuwahi kumwona akirudi nyuma mbele ya mnyama. Akavaa glavu mbilimbili. "Huenda ni kichaa cha mbwa, huenda si hicho. Nitajua nikishamchunguza. Wewe kaa hapo mlangoni, usisogee."

Nikakaa, simu mkononi. Ujumbe wetu wa kupe ulikuwa umependwa na watu saba, na mmoja wao ni mimi mwenyewe. Shangazi alikuwa anajaza sindano ya usingizi, amenipa mgongo. Nikapiga picha. Nikaandika, "Tahadhari! Mbwa mwenye kichaa yuko kliniki kwetu." Nikatuma.

Simu ilianza kutetemeka mkononi kama kifaranga.

"Aproni hiyo naijua, ni ya fundi viatu!"

"Mbwa huyo hulala njiani wanakopita watoto wetu."

"Anasubiriwa nini?"

Halafu mtu mmoja akaandika neno moja: "Tunakuja."

Nilifuta haraka. Dakika haikupita, picha ileile ikarudi kwetu kutoka kwa mtu nisiyemjua. Kichwa cha Soli kilikuwa kimezungushiwa duara jekundu.

Ningemwambia shangazi wakati ule, lakini sikumwambia. Nje, barabara iliyokuwa na kelele ilinyamaza, kisha nikasikia miguu, mingi, inatembea pamoja. Mbwa waliolazwa waliacha kubweka.

Geti likagongwa kwa fimbo.

"Daktari! Mtoe tummalize!" Ilikuwa sauti ya muuza mkaa, jirani yetu mpole. Siku hiyo haikuwa na upole.

Fundi viatu alijisogeza, akasimama kati ya mlango na meza aliyolala Soli. "Wataanza na mimi," alisema polepole.

Shangazi alifungua dirisha. "Nani kawaambia ana kichaa?"

"Wewe mwenyewe! Si umeandika?" Muuza mkaa aliinua simu yake.

Shangazi aliitazama simu ile. Kisha akanitazama mimi. Afadhali angenipiga.

"Ni mimi," nilisema dirishani. "Daktari hakuandika. Hakuwa hata amemchunguza. Nilitaka mtupende."

"Nipeni dakika tano," shangazi aliwaambia. "Baada ya hapo mtanisikiliza."

Dakika zile sitazisahau. Fimbo ziligonga geti, ko, ko, ko. Shangazi alimulika tochi mdomoni mwa Soli aliyesinzia, akaingiza koleo, akavuta. Kikatoka kipande cha mfupa kilichokwama kwenye kaakaa, kati ya magego. Mdomo ukafungika.

Akakipeleka dirishani pamoja na kadi ya chanjo ya Soli. "Chanjo zote anazo. Kichaa chenu hiki hapa."

Watu walitazamana. Mmoja akaficha fimbo mgongoni. "Pole, mzee," muuza mkaa alisema, akiangalia viatu vyake.

"Viatu hivyo nilishona mimi," fundi alimjibu. Wakaondoka mmoja mmoja.

Jioni shangazi aliomba, "Babu, unaruhusu tuandike ukweli?"

"Andikeni. Ila msionyeshe kipara changu."

Tuliandika bila picha, shangazi akasoma mara mbili. Kisha akanituma mimi na fundi tupite nyumba kwa nyumba, Soli akiwa kwenye kamba, niseme kwa mdomo wangu nilichofanya. Hata hivyo, wiki nzima kuna aliyekuwa akimrushia Soli mawe. Duara lile jekundu lilikuwa bado kwenye simu za watu.

"Hofu uliyoituma huwezi kuirudisha yote," shangazi aliniambia akifuta meza. "Watu wanaamini ukurasa huu kwa sababu ni wa daktari. Usiseme ugonjwa usioujua, wala usimwonyeshe mgonjwa bila ruhusa ya mwenyewe. Soli hawezi kusema 'usinipige picha'. Wa kumsemea ni sisi."

Akaiweka simu mezani, mbele yangu. Siku hiyo sikuigusa. Nilichukua ufagio.